Viraka Vinyooke, Vidole Vibaki Salama: Hotuba kwa Wanaoanza Kushona



Kaunti hii inajua kitambaa. Thika ina Thika Cloth Mills, Ruiru ina Spinners & Spinners wanaotengeneza mablanketi, na mitaani mafundi wa cherehani hawakosi. Kila jioni, chini ya cherehani hizo hubaki vipande vya kitenge, leso na pamba ambavyo mara nyingi huishia kwenye takataka. Kwa anayeanza kushona, huo ni mtaji. Vipande vikiunganishwa vizuri huwa blanketi la viraka, na baridi ya Julai haikosi kufika.

Mambo mawili humkatisha tamaa anayeanza: viraka kwenda upande, na sindano kumdunga kidole. Mara nyingi yote mawili huletwa na haraka.

Kazi huanza kabla ya cherehani kuguswa. Mshonaji achague vitambaa vya uzito unaokaribiana, avifue na kuvipiga pasi, kwa sababu pamba mpya hupungua ikifuliwa. Kisha akate mraba wa karatasi ngumu wenye inchi 4 kila upande, auzungushie chaki juu ya kitambaa, na kukata kwa kufuata alama. Kipimo kiwe hicho hicho cha karatasi, si cha kiraka kilichokatwa awali, maana kosa dogo huongezeka kila linaponakiliwa.

Mshono uachiwe robo inchi kutoka ukingoni. Njia rahisi ni kubandika kipande cha selotepu kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, na kuupitisha ukingo wa kitambaa kando yake. Hesabu yenyewe ni hii: viraka 10 vya inchi 4 vikiunganishwa kwa mishono 9 ya robo inchi, safu hutoka inchi 35 na nusu. Mshonaji akizidisha kila mshono kwa thumuni ya inchi tu, safu hiyo hutoka inchi 33 na robo. Inchi mbili na robo zimepotea, na safu hiyo haitalingana na jirani yake.

Viraka vishonwe viwili viwili, viwe safu, kisha safu ziunganishwe. Kila mshono upigwe pasi: safu ya kwanza mishono ilale kulia, ya pili kushoto. Safu zikikutana, mishono hukaa bega kwa bega bila kufanya uvimbe, na pembe hulingana.

Sasa cherehani yenyewe. Kitambaa huvutwa na meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani. Kazi ya mikono ni kuongoza tu. Anayekivuta kwa nguvu hupinda sindano, nayo hugonga bamba, huvunjika, na kipande kinaweza kuruka hadi jichoni. Vidole vikae pembeni mwa mguu wa cherehani, kamwe visiwe mbele ya sindano. Macho yafuate selotepu. Pini zitolewe kabla hazijafika kwenye sindano.

Kwa cherehani ya miguu, leso, mikono mipana na mikufu vikae mbali na mkanda na gurudumu, na watoto wasicheze karibu. Kwa ya umeme, plagi itolewe kabla ya kubadilisha sindano, kusafisha au kutia mafuta. Umeme wa nyumbani ni volti 240. Waya uliochubuka usifungwe kwa kitambaa, ubadilishwe.

Sindano ikimdunga mtu, asivute mkono kwa nguvu. Asimamishe cherehani, azime umeme, azungushe gurudumu kwa mkono polepole hadi sindano ipande. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni. Sindano ikaguliwe kama ni nzima. Kipande kikibaki ndani, kisichokolewe nyumbani. Aende hospitali, iwe Thika Level 5 au Ruiru Level 4, na aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Aliyeajiriwa ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri afunike sehemu za mashine zinazoweza kuumiza na aweke vifaa vya huduma ya kwanza. Kuuliza kuhusu kifuniko cha mkanda si ukaidi.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti. Anayetaka kujifunza aanzie kwa msimamizi wa wadi yake, aulize kilicho karibu.

Fundi hula kwa mikono yake. Blanketi lililochelewa wiki moja bado litauzwa, lakini mkono ulioumia hauna wa kuukopesha mwingine. Haraka haraka haina baraka.