Fidla na Piano Mbele ya Sikio la Usukumani



Nikimaliza kusema, wenzangu wawili wa idara ya muziki watakaa pale mbele, mmoja na fidla, mwingine na piano ya umeme tuliyokuja nayo. Vyuo vikuu vina desturi hii: mwalimu wa muziki hupiga hadharani ili kazi yake ipimwe. Mwalimu wa historia huandika kitabu. Mwalimu wa fidla hupiga fidla. Nashikilia kwamba onyesho la namna hii ni utafiti kamili, unaostahili kuhesabiwa na chuo kama kitabu kinavyohesabiwa. Tena nashikilia kwamba utafiti huo haujapimwa mpaka umesikilizwa na watu ambao masikio yao hayakulelewa na chuo. Ndiyo sababu tumekuja hapa Malampaka, mji wa reli na pamba, wilayani Maswa, badala ya kubaki kwenye ukumbi wetu.

Muziki mtakaousikia ni wa wapigaji wachache. Hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza, na hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Kila mmoja ana sehemu yake, na kinachowashika pamoja ni kusikilizana. Katika fidla na piano kusikilizana huko ni kazi ngumu, kwa sababu vyombo hivi viwili havikubaliani hata mahali sauti inapotakiwa kukaa.

Piano ina vibonyezo 88, na sauti ya kila kimoja imeshapangwa kabla mpigaji hajaketi. Fidla ina nyuzi nne na shingo tupu, isiyo na freti kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo, sauti nayo inasogea. Piano ya leo imegawa oktava katika hatua 12 zilizo sawasawa ili wimbo uweze kuanzia popote. Usawa huo una gharama yake. Wataalamu huigawa oktava katika senti 1,200. Mi ya asili, ile inayotokea yenyewe ndani ya mlio wa uzi, iko senti 386 juu ya do. Mi ya piano iko senti 400. Kwenye karatasi, senti 14 ni kitu kidogo. Masikioni si kidogo.

Wanakwaya mnalijua jambo hili. Kwaya ikiimba bila chombo, solfa mkononi, sauti nne hufika mahali zikatulia hadi ukumbi wenyewe unavuma. Kisha mpiga kinanda anaingia, na mara kuna kitu kinachokwaruza. Lawama huwaangukia waimbaji: eti wameshuka. Wakati mwingine wameshuka kweli. Lakini yapo pia matukio ambapo waimbaji wako sahihi kabisa, mi yao imekaa pale inapokaa kwa asili, na kinanda ndicho kilicho juu. Nawaomba walimu wa kwaya, kabla ya kuwakaripia watu wenu, mkizime kinanda na kusikiliza tena.

Mpigaji wa fidla huishi katika mvutano huo noti baada ya noti. Akiwa peke yake huiweka mi chini, mahali pake pa asili. Piano ikishika kordi ndefu chini yake, hulazimika kupanda kuifuata, la sivyo sauti hizo mbili zitapigana. Katika noti za kupita haraka ana uhuru wake. Maamuzi haya hayaandikwi popote. Ukifungua karatasi ya muziki huyaoni, na ndiyo maana nasema kupiga ni utafiti: kuna elimu ambayo njia pekee ya kuichapisha ni kuisikilizisha.

Tena kuna suala la uhai wa sauti. Mlio wa piano huanza kufa mara nyundo inapoachana na uzi. Fidla, kwa sababu ya upinde wake, inaweza kuanza kimyakimya na kukua. Chombo kinachokufa na chombo kinachopumua vikikutana, kila kimoja kinaonyesha kilichopungua kwa mwenzake.

Mkutano wa namna hiyo tunao Tanzania tangu zamani. Kwa Wagogo wa Dodoma, zeze hupigwa kwa upinde, na ilimba hudonolewa kwa vidole gumba, mlio wake ukififia mara moja. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo duniani kutoka Bagamoyo. Ulimi wa ilimba unaweza kusukumwa ndani au kuvutwa nje hadi usikilizane na zeze. Yaani vyombo vinatyuniwa vikiwa pamoja, kwa sikio la wanaovipiga, na sauti zake zimekaribia zile za asili za uzi. Piano hutyuniwa na fundi, fidla ikiwa haipo hata chumbani. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka chuo chetu kiifanyie kazi kwa miaka ijayo.

Nanyi Usukumani mna ndono. Uzi mmoja juu ya upinde, kibuyu kifuani, na fimbo nyembamba ya kugonga. Mpigaji akikisogeza kibuyu, juu ya mlio mkubwa wa uzi zinatoka sauti nyembamba. Sikio lililokua karibu na ndono limeshazisikia sauti za asili ambazo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huhitaji ubao na chaki kuzielewa.

Pwani, swali la mahali sauti inapotakiwa kukaa lilijibiwa kwa njia nyingine. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kiliipa fidla nafasi ya heshima, kwa kuwa fidla inaweza kuingia katikati ya vibonyezo, zilipo sauti za makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ambazo piano ya kawaida haina. Siku hizi vinanda vya umeme vinaweza kupangwa upya hadi vikazitoa sauti hizo. Kwa hiyo piano tuliyokuja nayo leo si adui. Ni suala la nani anaipanga, na kwa kumsikiliza nani.

Mtu asidhani kwamba muziki wa fidla na piano ni mali ya Ulaya ambayo sisi tunaiazima. Tarehe 24 Mei 1803, mjini Vienna, Beethoven aliketi kwenye piano na George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa na asili ya Afrika, akasimama kando yake. Walipiga sonata ambayo Beethoven alikuwa ameimaliza kwa haraka kwa ajili ya tamasha hilo. Sehemu ya pili Bridgetower aliisoma kutoka kwenye mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Baadaye wakakosana, na sonata ikachapishwa kwa heshima ya Rodolphe Kreutzer, mpiga fidla ambaye hakuipiga hadharani. Hadi leo dunia inaiita kwa jina la Kreutzer. Hilo linaniuma, na kila mwanafunzi wangu atajifunza jina la Bridgetower kabla hajagusa noti ya kwanza ya sonata ile.

Takriban miaka 100 baadaye Samuel Coleridge-Taylor, mzaliwa wa London ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, alitunga Ngoma za Kiafrika kwa ajili ya fidla na piano. Karibu zaidi nasi, Mganda Justinian Tamusuza aliwapa wapigaji wanne wa nyuzi muziki wenye midundo ya Buganda, na kundi la Kronos Quartet likautoa kwenye santuri mwaka 1992. Tamusuza hakuomba ruhusa. Alitega sikio nyumbani, kisha akaandika.

Sasa ombi langu. Wasukuma mna utaratibu wa haki kuliko majopo yetu ya mitihani. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda kwa miguu yao wenyewe upande uliowavutia. Hakuna wa kubishana na uwanja uliobaki mtupu. Sisi hatuna upande wa pili leo, lakini tumetafuta namna. Kipande cha pili kitapigwa mara mbili: kwanza piano ikiwa katika mpangilio wake wa kawaida, kisha mi yake ikiwa imeshushwa hadi inapotaka kukaa yenyewe. Katikati tutanyamaza ili mtuambie ni ipi iliyokaa, na kwa nini. Mwenzangu mmoja ana daftari. Ataandika mtakayosema kwa Kisukuma au Kiswahili, na tutaondoka nayo kwenda kufundishia.