Kucha la Nyakahura

Haya ni mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni.



Leo naanza kwa kuomba radhi. Wiki mbili zilizopita, nikiwa kwenye kiti hiki hiki, nilikusomea habari ya kijana mmoja wa upande wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, aliyeokota kucha kubwa wakati akilima kando ya kichuguu. Nikasema huenda kucha hilo ni la dinosauri, yule mnyama wa kale mla nyama. Neno "huenda" nililitia mwenyewe ili nijikinge. Zaidi ya miaka 20 katika kazi hii imenifunza kwamba msikilizaji halisikii neno "huenda". Anasikia lile linalofuata. Nilijua hivyo, na bado nikasema.

Siku nne baadaye aliteremka hapa Ngara, kwa basi la asubuhi, bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani na kikapu mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu." Akaketi, akanitazama, akasema, "Redio yenu imenichimbia shamba."

Kumbe kile kichuguu ni chake. Watu walikuja na majembe, wakaja na sururu, wengine usiku na tochi. Watu wetu wa Biharamulo wanajua kuchimba. Dhahabu imewafundisha, na kijana aliyewahi kushuka kwenye duara la wachimbaji wadogo haogopi kichuguu. Shamba la muhogo la bibi lilikuwa limebakiza miezi michache kuvunwa. Sasa lina mashimo 11, kayahesabu mwenyewe. Mtoto wa darasa la sita katumbukia katika mojawapo jioni akiswaga mbuzi, mguu ukateguka. Na katika vurugu hiyo akatokea mtu mwenye pikipiki, asiyejulikana kwao, akitangaza kwamba ananunua makucha ya dinosauri, ati kuna Wazungu wanayataka. Bei aliyoitaja sitaitaja hapa. Nimeshajifunza.

Basi nililichukua lile kucha, ambalo kijana alikuwa ameniachia tangu siku ile, nikampelekea mwalimu mmoja wa sayansi hapa mjini. Lilipaswa kufika kwake kabla ya kufika kwako. Mwalimu akalipima uzito kwa kiganja, akacheka kidogo. Akapasha sindano moto, akaligusa kwa ndani. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Akasema, "Hili ni la muhanga."

Muhanga unamjua, msikilizaji, hata kama hujapata kumwona. Ni yule mnyama wa usiku mwenye masikio marefu kama ya punda na pua kama ya nguruwe, anayebomoa vichuguu na kula mchwa. Makucha yake ya mbele ni mapana na magumu kama sepetu, maana ndiyo jembe lake. Aliyefia pale shambani alikuwa akitafuta chakula chake, na kucha likabaki udongoni, basi.

Mwalimu akanieleza jambo ambalo sikulijua. Kucha la mnyama lina sehemu mbili: ndani kuna mfupa, na nje kuna gamba, la aina moja na pembe au ukucha wako wewe. Gamba huoza. Mfupa nao huoza mara nyingi, lakini ukizikwa haraka katika mchanga au tope la mto, maji yenye madini hupenya polepole, na kwa miaka mingi mno mfupa hugeuka jiwe. Hicho ndicho kiitwacho kisukuku. Kisukuku ni kizito na kina ubaridi wa jiwe, na ukikigusa kwa moto hakinuki nywele. Kijana wetu aliokota gamba tupu. Yaani alichokishika ni kile hasa ambacho kwa dinosauri kingekuwa kimekwisha oza zamani.

Nikamwuliza mwalimu, je, hata kama si hili, haiwezekani liwepo jingine? Akanionyesha vilima kupitia dirishani. Mwamba wa nchi yetu hii ni mkongwe mno. Ule wenye dhahabu upande wa Biharamulo una zaidi ya miaka bilioni 2.5. Huu wa vilima vya Ngara, kwenye nikeli yetu ya Kabanga, una zaidi ya miaka bilioni 1. Dinosauri wa kwanza wanaojulikana vizuri wana miaka milioni 230 hivi. Labda 240 na ushei tukiihesabu ile mifupa ya bonde la Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, iliyopewa jina la Nyasasaurus, ambayo wataalamu bado wanabishania. Chukua mfano wa bibi wa miaka 80 awe ndio mwamba wa Biharamulo: dinosauri anaingia duniani bibi akiwa na miaka 72. Sasa utamzikaje mtu ndani ya saruji iliyokauka kabla yeye hajazaliwa? Na udongo wa juu, wa vichuguu na wa muhogo, ni mchanga mno. Dinosauri wa kawaida walikwisha toweka miaka milioni 66 iliyopita.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Nyakahura, wa Lusahunga, wa Rulenge na kwingineko, wekeni majembe chini. Hakuna.

Lakini nchini Tanzania yupo. Na habari yake ni nzuri kuliko ile niliyowadanganya nayo.

Yuko Tendaguru, mkoani Lindi, kilima kilicho kama kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mfupa mkubwa ukichomoza ardhini. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wameiona mifupa hiyo kabla yake. Ila wao hawakuwa na pa kupeleka taarifa. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa kabisa pale, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wetu, mamia, katika misimu mikubwa wakifikia 500 hivi. Mifupa ikafungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Jumla yake ni zaidi ya tani 200.

Hebu tazama tarehe hizo, msikilizaji. Vita vya Maji Maji vilikwisha 1907, na nchi ile ya kusini ilikuwa imechomwa mashamba na maghala, watu wamekufa kwa njaa. Miaka miwili baadaye anatokea bwana mmoja na ujira mkononi, anasema, chimba. Nani asingechimba? Nilipokuwa nasoma habari hiyo nilimkumbuka yule wa pikipiki.

Katika mzigo ule alikuwemo mla majani mkubwa ambaye leo anaitwa Giraffatitan. Amesimama katika ukumbi wa makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Huyo ndiye anayesemwa kila mara, na wabunge wetu wamewahi kumwulizia Bungeni. Mimi leo namtaka mdogo wake asiyesemwa. Katika mzigo huo huo kulikuwa na meno ya wala nyama, yametawanyika, bila taya wala fuvu. Janensch aliyaandika miaka ya 1920 na kuyapa jina la kubahatisha. Yakakaa katika droo za Berlin karibu miaka 90. Ndipo mtaalamu Mfaransa, Eric Buffetaut, akalichukua moja, jino la sentimita 5 hivi, akahesabu meno madogo ya msumeno kwenye makali yake na mifereji iliyo ubavuni, na mwaka 2012 akasema: huyu ni mzee wa ukoo wa wala samaki wenye kucha kubwa. Akamwita Ostafrikasaurus. Kama yuko sahihi, basi jino la Tendaguru, la miaka milioni 150 hivi, ni la zamani kabisa katika ukoo huo wote ulimwenguni. Wapo wanaompinga, wanaosema jino ni la ukoo mwingine kabisa. Jino moja halitoshi kumaliza ubishi. Kucha lake halijapatikana.

Makucha ya ukoo huo tunayajua kutoka kwingine, na hapa ndipo ninapotaka uvute kiti. Januari 1983, katika machimbo ya udongo wa matofali huko Surrey, Uingereza, fundi bomba mmoja aitwaye William Walker, ambaye siku za mapumziko hupenda kutafuta visukuku, alikuta jiwe la ajabu. Akalivunja, ndani mna kucha, vipande vipande, na ncha haipo. Akarudi tena pale pale hadi akaipata ncha. Kucha lilipounganishwa lilikuwa na sentimita 31 ukilipima kwa kufuata mkunjo wake, la dole gumba. Walker hakuliuza. Lilipelekwa makumbusho ya London, wataalamu wakaja machimboni na yeye akawaonyesha mahali, wakachimba wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya mnyama mzima. Tumboni mlikuwa na magamba ya samaki, na pia mifupa ya dinosauri mdogo mla majani. Mwaka 1986 Alan Charig na Angela Milner wakampa jina la Baryonyx walkeri, maana yake kucha zito, la Walker. Jina la fundi bomba limo katika vitabu vya dunia nzima.

Afrika nayo inao jamaa zake. Niger, katika jangwa la Ténéré, alipatikana Suchomimus, akatangazwa 1998, naye ana dole gumba la kutisha. Misri ilikuwa na Spinosaurus, aliyeandikwa na Ernst Stromer mwaka 1915. Mifupa ile ya kwanza ilipelekwa Munich, na ikateketea kwa mabomu ya usiku mmoja wa Aprili 1944. Ilisalimika jangwani miaka milioni 90 na zaidi, ikafia kabatini.

Narudi kwa majina, maana yananikera. Yule mkubwa wa Berlin anaitwa brancai kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho. Mwingine, mla nyama mwembamba aitwaye Elaphrosaurus, ni bambergi, jina la Mjerumani mwingine. Wachimbaji wetu ilibidi wangoje. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, aliyeendesha kazi ile na kuizoea mifupa kuliko wageni wengi, alipata dinosauri wake mwaka 2007: Australodocus bohetii. Mohammadi Keranje, aliyesimamia shimo mojawapo, alipata wake mwaka 2019: Wamweracaudia keranjei, na humo limo pia jina la Wamwera. Karibu miaka mia moja. Walker alingoja mitatu.

Tofauti ya fundi bomba na Mwalimu Keranje, kama naruhusiwa kumwita mwalimu, haikuwa akili wala jicho. Walker alikuwa na mlango wa kubisha, na mwenye mlango alipofungua alimwuliza, uliliokota wapi? Swali hilo ndilo thamani yote. Kisukuku kisichojulikana kimetoka tabaka gani la mwamba kinabaki jiwe zuri tu la kuwekea karatasi. Ndiyo maana mtu wa pikipiki, hata angekuwa mnunuzi wa kweli, anaharibu: yeye hataki kujua mahali. Na sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba na kwa anayesafirisha nje. Ukiokota kitu cha namna hiyo, iwe Lindi, iwe Songwe, kiache kilivyo, usikioshe, usikikwangue, weka alama mahali, mwambie mtendaji wa kijiji au mwalimu. Redio iwe ya mwisho.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nyakahura. Tulikuwa watu 9 tukiwa na majembe, watano kati yao wakiwa wale wale waliochimba. Walikuja bila kuvutwa, wameinamisha macho. Tulifukia mashimo 11. Bibi alisimama na fimbo akitusimamia, anaonyesha hapa, rudia pale. Mbegu za muhogo tulizopanda upya nimezigharimia mimi, na hilo silisemi kwa kujisifu, ni deni. Mtoto wa darasa la sita anatembea kwa kuchechemea bado, ila alitaka kujua kama yule wa Uingereza alikula samaki kwa mifupa yake au aliichambua. Nilimwambia nitauliza.

Kijana mwenye kucha nilimweleza la muhanga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mzee, ulisema uongo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tangaza." Ndiyo haya.

Kucha lipo mezani kwangu, ndani ya bahasha ya kaki. Akilitaka aje alichukue saa za kazi. Na yule bwana wa pikipiki akilitaka, aje vilevile. Mwalimu wa sayansi ana sindano na kibiriti.

Kwaheri hadi wiki ijayo.