Kipimo cha Wengine Hakitoshi Kutupima Sisi

(Maneno yaliyosemwa Nyololo, Wilaya ya Mufindi, mbele ya wenyeviti wa vijiji, walimu na wazee)



Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo watu hudhani ni la madaktari peke yao, wala si lao peke yao. Jambo lenyewe ni uchunguzi wa maradhi katika watu wa namna mbalimbali. Mara kwa mara wachunguzi hufika vijijini na karatasi zao na vichupa vyao. Huuliza umri wa watu, hupima urefu wa watoto, hutaka damu kidogo ya kidole au ya mkono. Wako wawakaribishao, wako wafungao milango, na wako waulizao kwa hasira, "Damu yetu yaenda wapi?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza yatupasa kujua sababu ya kuja kwao.

Mnunuzi wa mahindi ajuaye kazi yake hatazami mdomo wa gunia tu. Huchukua bambo, akalidunga juu, akalidunga katikati, akalidunga na chini, ndipo atazamapo punje zilizomo kiganjani mwake. Hafanyi hivyo kwa kumdhania mwuzaji kuwa mwizi. Anajua tu ya kuwa gunia moja laweza kuwa kavu juu na lenye unyevu chini, na punje nzuri zaweza kufunika zilizobunguliwa.

Basi watu wa nchi ni kama gunia hilo, na hospitali ni mdomo wake. Waendao hospitali ni wale waliozidiwa, au walio karibu na njia, au wenye nauli, au mama wajawazito waendao kliniki. Mwanamume mwenye nguvu apasuaye mbao msituni haonekani pale, wala kijana achumaye chai, wala dereva wa lori apitaye hapa Nyololo usiku akielekea Zambia. Daktari akiwahesabu waliomjia tu, atajua habari za waliomjia tu.

Natoa mfano wa maradhi tunayoyajua sana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi baadaye, kuenea kwake kulikadiriwa hasa kwa kupima damu ya mama wajawazito na ya watu waliojitolea damu. Mwaka 2003 na 2004 ndipo wapimaji walipopita nyumba kwa nyumba kwa mara ya kwanza katika mikoa ya Tanzania Bara, wakawapima wanawake na wanaume wa miaka 15 hadi 49. Walikuta ya kuwa katika kila watu 100 wa nchi, 7 walikuwa na virusi. Na katika Mbeya na Iringa walikuwa zaidi ya 13. Kipimo cha mwaka 2007 na 2008 kilionyesha Iringa karibu watu 16 katika kila 100, kuliko mkoa wo wote mwingine.

Sasa tazameni. Iringa ya wakati ule ilikuwa na Njombe ndani yake. Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na hesabu ya uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 ikatengwa, Njombe ilionekana kuwa na karibu watu 15 katika kila 100, na Iringa 9. Hesabu moja ilikuwa imefunika mambo mawili. Na katika uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023, watu wa miaka 15 na zaidi wenye virusi walikuwa 4.4 katika kila 100 kwa nchi nzima. Lakini Njombe walikuwa 12.7, na Iringa 11.1. Tena kwa nchi nzima wanawake walikuwa 5.6 katika kila 100, na wanaume 3.0. Je, kama serikali ingaligawa dawa na wauguzi kwa hesabu ya nchi nzima tu, watu wa nyanda hizi wangalipata haki yao? Hawangaliipata hata kidogo. Mtu asiyehesabiwa hatengewi fungu.

Faida ya pili ni hii: kwa kuwatazama watu wa mahali mbalimbali pamoja, hutokea mambo ambayo hakuna aliyekuwa akiyajua. Huko Mbeya, karibu na hospitali kubwa ya rufaa, kuna kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1996 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha mji wa Munich, Ujerumani; nacho ni cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iitwayo NIMR kwa kifupi. Kuanzia mwaka 2006 hata 2011 wachunguzi wa kituo hicho waliwafuata watu karibu 18,000 katika mahali tisa, wengine wa mjini, wengine wa vijijini, wengine wa milimani, wengine wa kando ya Ziwa Nyasa. Walikwenda majumbani kwa watu wazima na wagonjwa pia, wakawarudia mwaka baada ya mwaka.

Katika Kyela, ambako ni chini na kuna joto, wako watu wengi waliokuwa na minyoo iletayo matende, ambayo huenezwa na mbu. Wachunguzi waliwatazama watu wa huko wasiokuwa na virusi vya UKIMWI, wengine wenye minyoo hiyo na wengine wasio nayo. Katika kila watu 1,000 wenye minyoo, kwa muda wa mwaka mmoja, karibu 19 walipata virusi. Na katika 1,000 wasio na minyoo, walipata 8. Kwa vijana wa miaka 14 hadi 25 tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016 katika gazeti la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet. Msinisikie vibaya: mbu haleti UKIMWI, nao huambukizwa kwa njia zile zile tuzijuazo. Lakini yaonekana mwili wenye minyoo hiyo hushindwa upesi zaidi virusi vinapoingia. Jambo hili lisingalijulikana kwa kutazama vitanda vya hospitali, maana wengi wenye minyoo hiyo hawana uvimbe wala maumivu, wala hawajui kama wanayo.

Faida ya tatu yahusu mizani yenyewe. Daktari akipima damu yako hulinganisha na kipimo cha mtu mzima asiye na ugonjwa. Lakini mtu huyo mzima ni nani, na anakaa wapi? Vipimo vingi vilivyomo katika vitabu vilipatikana kwa watu wa Ulaya na Marekani. Ziko chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili ambazo kwa watu wengi wa asili ya Afrika huwa chache, nao ni wazima kabisa. Tena akaaye juu milimani, kama sisi wa Mufindi, mwili wake hutengeneza damu yenye wekundu mwingi kuliko ya mtu wa pwani, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Kwa hiyo Shirika la Afya la Ulimwengu limeagiza ya kuwa kipimo cha upungufu wa damu kirekebishwe kwa watu wa nchi za juu. Kisiporekebishwa, mama wa Nyololo mwenye upungufu wa damu aweza kuambiwa ni mzima, akarudi nyumbani bila dawa. Mwaka 2008 wachunguzi wa Mbeya walitangaza vipimo vya damu vilivyopatikana kwa watu wazima wenye afya wa kusini ya Tanzania. Watu wale walitoa damu hali hawaumwi, na kwa ajili yao wagonjwa wetu waweza kupimwa kwa mizani ya kwetu.

Watoto nao ni watu wa namna yao. Kwa miaka mingi mtoto mwenye kifua kikuu alipewa vidonge vilivyotengenezwa kwa watu wazima, na mzazi huvivunja na kuvisaga akikisia kiasi. Mwezi wa Desemba 2015 ndipo vilipotangazwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kipimo cha mtoto, viyeyukavyo majini, na mwaka 2016 jirani zetu wa Kenya wakawa wa kwanza kuvitumia katika nchi nzima.

Sasa nalijia lile swali la hasira. Tangu zamani katika nchi hizi watu wameogopa mumiani, yaani watu wasemwao kunyonya damu ya wenzao kwa kuifanya dawa. Khofu hiyo imekwisha kuua. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, watafiti wawili kutoka kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao kwa kudhaniwa kuwa mumiani. Watu wale walikuja kuchukua udongo wa shamba. Hawakutaka damu ya mtu ye yote.

Walakini nisiwaambie ya kuwa kila mchunguzi wa dunia amekuwa mwema. Huko Marekani, katika Tuskegee, jimbo la Alabama, tangu mwaka 1932 hata 1972 maofisa wa afya wa serikali waliwatazama wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende, wakawaacha bila kuwatibu ili waone mwisho wa ugonjwa. Dawa ya penisilini ilipojulikana kuwa yaponya, hawakupewa. Wala hawakuambiwa kweli ya hali yao. Mwaka 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake. Basi anayeuliza maswali si mjinga. Mjinga ni yule apigaye kabla ya kuuliza, na yule akubaliye bila kuuliza.

Kwa sababu ya mabaya kama hayo sheria ziliwekwa. Hapa kwetu uchunguzi wa maradhi katika watu hauanzi mpaka upate kibali, na kamati ya taifa ya maadili iko chini ya NIMR. Kwa hiyo wachunguzi wakija kijijini, mwenyekiti na awaulize mambo haya. Kwanza, kibali chao kiko wapi, na barua ya wilaya iko wapi? Pili, wanatafuta nini, na kwa nini wamekuja hapa? Tatu, damu ni kiasi gani, itapelekwa wapi, itawekwa muda gani? Nne, mtu akionekana mgonjwa atatibiwa wapi, na kwa gharama ya nani? Tano, jina lake litafichwaje? Sita, watarudi lini kutuambia waliyoyaona? Mchunguzi wa kweli hachukizwi na maswali haya. Ana majibu tayari.

Hapa nina neno kwa viongozi hasa. Ruhusa ya mwenyekiti ni ya kuingia kijijini tu. Mwili wa mtu ni wa mwenyewe. Msitoe amri ya kuwa kila nyumba itoe watu. Kila mtu mzima aelezwe kwa lugha anayoielewa, kisha akubali au akatae. Naye akikubali atie sahihi, au alama ya kidole mbele ya shahidi kama hajui kuandika. Mtoto aliye chini ya miaka 18 huombewa kwa mzazi au mlezi wake. Anayekataa asidharauliwe wala asinyimwe dawa katika zahanati, na aliyekubali aweza kujitoa siku yo yote bila kutoa sababu.

Na ninyi walimu, kazi yenu ni kusoma karatasi hizo pamoja na wasiojua kusoma, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Mkiona neno lisiloeleweka, mwulizeni mchunguzi mbele ya watu wote alieleze.

Tena liko jambo dogo lenye faida kubwa. Wachunguzi wakija mchana huwakuta wazee na mama na watoto. Wanaume wako mashambani, wako kwenye chai na mbao, wako barabarani. Waambieni warudi jioni au siku ya mapumziko. Waonyesheni na nyumba zilizo mbali na barabara, na za wageni waliokuja kufanya kazi. Msiwachagulie nyumba nzuri ili kijiji kionekane kizuri; mkifanya hivyo mtakuwa mmejaza punje safi juu ya gunia, na hasara itakuwa ya watoto wenu, maana dawa itapelekwa kwingine.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia. Nayaacha mikononi mwenu mkayaeleze katika mikutano ya vijiji na katika shule, kila mtu kwa watu wake. Aliye na swali na aulize sasa, nasi tutajibizana mpaka jua litue.