Baraza, Ukumbi na Kizingiti: Nyumba ya Kukaa Bombolulu



Nimeombwa nizungumzie nyumba za kuishi zisizoharibu mazingira, zenye asili katika sanaa ya jadi na maisha ya kushirikiana. Desturi ya mada kama hii ni kuanzia Lamu, kwenye milango ya nakshi. Leo naomba tuanzie hapa hapa Bombolulu, Mombasa, kando ya barabara ya Malindi.

Karakana ya Bombolulu ilianzishwa 1969, nayo iko chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya. Mafundi wake hutengeneza vipuli na mikufu, huchonga, hushona, hufanya kazi za ngozi. Katika kiwanja hicho hicho zimejengwa nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Kenya. Mgeni huinama akaingia, akapiga picha, akatoka. Ng'ambo ya barabara hakuna tena anayejenga hivyo: ni mawe ya kukatwa, zege, mabati, na ghorofa za kupangisha zinazopandana bega kwa bega.

Wengi husema kilichopotea ni makuti na udongo. Mimi sidhani. Hebu tuitazame nyumba ya Kiswahili ilivyo. Mbele ina baraza. Ukifungua mlango unakutana na ukumbi ulionyooka mpaka nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha ua wenye jiko, choo na mahali pa kuanikia nguo. Milango ya mbele na ya nyuma ikiwa wazi, ukumbi unakuwa njia ya upepo, na alasiri ya mwezi wa Februari ndiko watu wanakotandika mkeka. Familia nne au tano huishi humo, kila moja na chumba chake, lakini ua ni mmoja na zamu ya kuufagia inajulikana.

Vipimo vyake vilitoka mikokoni. Wauza miti walihesabu kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina na kazi yake: fito za kukandikia ukuta, pau za kufungia makuti, boriti na nguzo za kubebea. Hata katika nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu, vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haikuweza kwenda mbali zaidi. Mti ndio uliochora ramani. Na kila kilichochakaa kilibadilishwa kwa mikono ya jirani: kuti likivuja linachomolewa, ukuta ukimeguka unakandikwa upya.

Lakini tusiipambe. Makuti huungua, na moto wa nyumba moja haukuulizi mpaka wako uko wapi. Tena hapa Mombasa udongo haukuwa hekima peke yake. Sehemu kubwa ya Kisauni, Likoni na Majengo ilijengwa kwa mtindo tunaoujua sote wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yangu, shamba ni la mwingine, namlipa kodi ya ardhi, na sharti ni kwamba nisijenge kwa mawe. Watu wengi walikandika udongo kwa sababu hawakuruhusiwa kitu kingine. Mtaalamu anayekuja kuusifu udongo bila kuuliza habari za hati ya ardhi atashangaa kwa nini mwenye nyumba, siku akipata pesa, anakimbilia saruji.

Wala mikoko haiwezi tena kutubeba sote. Kusafirisha miti yake nje ya nchi kulipigwa marufuku 1982, na kule Gazi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wanapata fedha kwa kuiacha isimame. Badala yake tunao mti wa mvinje. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu, na mvinje ni miongoni mwa michache iliyokubali. Leo wakulima wa Kilifi na Kwale wanaupanda kwa ajili ya nguzo. Kwamba shimo la saruji ndilo lililoustawisha mti wa kujengea, hilo nawaachia mcheke wenyewe.

Na bati? Bati libaki. Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata Tuzo ya Pritzker 2022, alijenga shule ya kijiji chake cha Gando kwa matofali ya udongo, akaliinua paa la bati juu ya dari ili joto lipite katikati na kutoka. Fundi wa hapa anaweza kulifanya hilo bila kungoja mkandarasi. Kwenye ghorofa zetu ningependa kuona ukumbi wa kila orofa ukiwa wazi pande zote mbili, na matofali ya matundu yaliyochorwa na mafundi wa hapa kwa mishono ya mkeka, badala ya korido inayoishia ukutani na taa inayowaka saa sita mchana.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Jioni moja nilimwona fundi wa vipuli akirudi kwenye nyumba aliyopanga. Alifika barazani, akashuka kwenye kiti cha magurudumu, akajivuta kwa mikono hadi juu, akavuka kizingiti. Mtoto wa jirani, bila kuambiwa, alikikunja kiti na kukiingiza ndani. Wenzangu waliona ujirani mwema. Mimi niliona vidato vitatu na kizingiti, na choo kilicho mwisho wa ua wenye utelezi.

Mteremko mzuri wa kupitisha kiti hicho hutaka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Baraza ya sentimita 45 inataka mita 5 na nusu hivi. Ukiulaza mteremko sambamba na ukuta, nafasi hiyo ipo mbele ya nyumba ya vyumba sita, na ukingo wake bado unakalika. Kizingiti kisawazishwe na sakafu, mlango uwe na sentimita 90.

Bwana Mwenyekiti, naomba muda wa chai uongezwe robo saa. Nyumba za maonyesho haziko mbali, na tepu ninayo mfukoni. Twende tukapime ni ngapi kati yake ambazo mafundi wa karakana wanaweza kuingia wenyewe.