Mwalimu na Imani ya Kazi Yake

Ndugu walimu wa Mkuyuni,

Silabasi mliyonayo ni moja kwa taifa zima. Lakini silabasi haimwambii mwalimu amtazame vipi mtoto aliyeketi mbele yake. Hilo hulijibu mwalimu mwenyewe kwa falsafa yake, awe ameiandika au hakuiandika. Awafundishaye watano wa mbele na kuwaacha wengine wote, naye anayo falsafa, nayo ni ya ubaguzi.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kushika siasa, alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alikosoa elimu iliyowaandaa wachache kwa masomo ya juu, ikawafanya walio wengi wajione wameshindwa. Mwaka 1968 ukaanzishwa, makao yake yakiwa hapa Mwanza, mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya kandokando ya ziwa. Vitabu vyake vilihusu pamba, uvuvi, migomba na ng'ombe. Mkulima alijifunza kusoma kwa njia ya zao alilolijua. Fundisho lake kwetu ni kwamba mwanafunzi haji mtupu, na mwalimu hodari huanzia pale mwanafunzi alipo.

Lakini tusijidanganye. Katika shule nyingi jembe liligeuka adhabu, na shamba likawa mahali pa kazi bila somo. Sera njema huharibika mikononi mwa mtekelezaji asiyeiamini.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Watoto wameingia kwa wingi, na najua madarasa yaliyojaa yanawachosha. Hata hivyo, kumfungulia mtoto mlango wa shule si kumfundisha.

Kwa hiyo nawaomba kila mmoja ajiulize maswali matatu na kuyaandika majibu yake. Namfundisha nani? Namwandaa kwa maisha gani? Mbali na mtihani, nitajuaje kwamba ameelewa?

Mtoto wa muuza dagaa anayeshindwa kugawanya ubaoni huenda kila jioni anagawa mafungu sokoni bila kukosea. Mwalimu asiyelijua hilo atamwita mjinga. Anayelijua atalianzia somo kwenye mafungu hayo. Ndugu walimu, na tuanzie hapo.