Walikale Haina Magofu: Mhadhara juu ya Utendi wa Mwindo

Husemwa kwamba Masisi na Walikale, sehemu zetu za mashariki mwa Kongo, zina msitu, madini na vita, lakini hazina urithi wa kihistoria, maana hazina ngome wala kaburi la mfalme la kumwonyesha mgeni. Hoja hii haitolewi na wajinga. Imejificha katika sheria yetu ya 1971 ya kulinda mali za kitamaduni, inayotazama zaidi vitu vinavyoshikika. Imo pia katika orodha ya Urithi wa Dunia: maeneo yote matano ya Kongo, kuanzia Virunga mwaka 1979 hadi hifadhi ya Okapi mwaka 1996, yaliingizwa kwa ajili ya maumbile. Kahuzi-Biega, inayoingia hadi Walikale, ilikubaliwa mwaka 1980 kwa sababu ya msitu na gorila wake, si kwa sababu ya watu. Lakini majirani zetu wa Kenya waliiona misitu ya kaya za Wamijikenda ikikubaliwa mwaka 2008 kama urithi wa utamaduni, ingawa vijiji vyenyewe vilikuwa vimehamwa zamani. Nasi mwaka 2021 tuliishangilia rumba ilipotambuliwa na UNESCO, na rumba haina ukuta hata mmoja. Anayeshangilia rumba kisha akaidai Walikale mawe ana mizani mbili.

Ushahidi wangu mkubwa ni wa mwaka 1956. Katika kijiji cha Bese, Shekarisi Rureke, mghani wa Wanyanga wa Walikale, alimghania mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili. Aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza, huku wasaidizi wakigonga mdundo na kuitikia. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, ameamuru wake zake wazae mabinti tu. Anazaliwa Mwindo, anayetembea na kusema papo hapo. Baba anamrushia mikuki, anamfukia, mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na nguvu, anamfuata baba mpaka kuzimu kwa Muisa. Hapo wapenzi wa mashujaa hutarajia damu. Mwindo hamuui baba yake. Anamrudisha nyumbani na utawala unagawanywa. Na baadaye, alipoua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, anachukuliwa juu mbinguni kuadhibiwa, hata shujaa yule wa majigambo anarudi amenyenyekea, akiwapa watu wake sheria za kuishi bila chuki. Sijui ngome yoyote ya pwani inayofundisha siasa kwa kina hicho.

Wako wanaojibu kwamba utendi umeshaokolewa, kwani Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha California mwaka 1969. Kazi yao ni kubwa, na Mateene, mwana wa lugha ya Kinyanga, anastahili heshima zaidi ya anayopewa. Lakini kitabu kilihifadhi maneno ya mtu mmoja. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa matoleo mengine, nayo hayafanani, kwa sababu mghani hujifunza kwa kumfuata mghani mzee, kisha hutunga upya. Mnyororo huo unataka mzee na kijana wakae kijiji kimoja. Kijana akivutwa na machimbo ya kasiterite, madini ya bati, ya Bisie, na mzee akikimbia risasi, unakatika, na hakuna maktaba inayouunga.

Pingamizi zito ni jingine: kwetu, kutaja urithi ni kudai ardhi. Habari za uhamisho wa Wanyarwanda kuletwa Masisi, 1937 hadi 1955, na za mauaji ya Ntoto mwaka 1993 mnazijua, sizirudii. Nakiri kwamba mwanasiasa anaweza kuufanya utendi huu hati ya kufukuzia jirani. Hata hivyo mnara wa mawe humfaa zaidi kwa kazi hiyo, maana husimama mahali pamoja na kuchora mpaka. Tubondo haina mpaka wa kupimwa, na kisa chenyewe kinamshusha mwenye majivuno. Bado naamini, kwa uzito wote wa hofu hiyo, kwamba kunyamaza kunawaachia wachochezi uwanja.

Basi naiomba serikali ya jimbo na vyuo vyetu, kabla ya kujenga sanamu yoyote ya Mwindo, watafuteni waghani walio hai Walikale, pamoja na mafundi wa masimulizi ya Wahunde huko Masisi, muwape wanafunzi na posho, na mrekodi kwa Kinyanga na Kihunde.