Kwaya: Mahali au Watu?
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Yubile ya Miaka 50

 

Miaka 50 tumeitwa kwaya bila kuuliza jina hili lilitoka wapi. Mtuvumilie kidogo; tulioshika chaki hatuachi kufundisha hata siku ya sherehe.

Kwa Wagiriki wa kale, neno khoros lilikuwa ngoma, tena kundi lililoicheza na kuimba, tena hata uwanja wa kuchezea. Kilatini kikalichukua: chorus. Baadaye, katika makanisa makuu ya Ulaya, likawa jina la sehemu ya jengo, ile iliyo kati ya wanapokaa washirika na madhabahu. Hapo makasisi na watawa walikaa pande mbili, wakitazamana, wakiimba zaburi kwa kupokezana. Mara nyingi ukuta uliwatenga na watu wengine.

Ndiyo maana historia ya Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza, husema kwamba kwaya iliungua mwaka 1174. Msishtuke, linalosemwa ni jengo! Fundi Mfaransa, William wa Sens, alianza kuijenga upya. Mwaka 1178 akaanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, akaumia, akashindwa kuendelea. William mwingine, Mwingereza, akapokea kazi, na kufikia mwaka 1184 ikakamilika.

Neno lilipofika kwetu kwa njia ya Kiingereza, lilikuja na maana ya watu. Lakini mwaka huu sisi tumelirudisha kwenye jengo. Tangu kanisa lipanuliwe na mabenchi yetu kusogezwa ubavuni, mbali na madhabahu, hatujatulia. Tumeshindania viti. Tumewahi asubuhi kutandika leso ili mwingine asikae. Soprano na alto wamepita wiki kadhaa bila salamu. Wenzetu wanne wameacha kuja mazoezi.

Tukiri mbele yenu, sisi wa kamati: tuliwaandika wanne hao katika orodha ya watoro kabla hata mmoja wetu hajabisha hodi kwao. Hilo lilikuwa kosa letu, na tunaomba msamaha.

Waliotuanzishia kwaya hii hawakuwa na benchi wala joho. Walisimama, wakaimba, nasi tukapokea kutoka kwao.

Basi ndugu zetu wanne, mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Wiki hii tutakuja nyumbani kwenu kwanza, na si kwa barua. Mkirudi, tutasimama popote penye nafasi. Besi imebaki na watu wawili, na kanisa zima limesikia.

Mungu awabariki. Yubile njema!